Kijana Wetu na Somo la Mageuko ya Viumbe

(Nakala ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wanaojiunga na vyuo vikuu)



Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, tunavyovijua na tusivyovijua.

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana wetu wapenzi. Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotoka, hutujia wazazi wenye furaha iliyochanganyika na wasiwasi. Mtoto amepata nafasi ya kusomea udaktari, ufamasia, ualimu wa sayansi, kilimo au uvuvi. Lakini katika orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza limo somo la bioanuwai na mageuko ya viumbe. Mzazi huuliza: je, hili silo lile somo lisemalo kwamba mtu ametokana na nyani? Je, yafaa tumlipie mtoto ada akafundishwe hayo? Wengine hawaulizi hata hivyo. Humwambia tu abadili fani. Kwa njia hiyo kijana mwenye kipaji cha sayansi huhamia masomo asiyoyataka, na huku wagonjwa wetu wanapanga foleni wakimsubiri daktari mmoja.

Jibu letu tunalitoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nalo: mtoto asome. Na asome kwa moyo wote, si kwa kukariri apate kufaulu mtihani kisha asahau. Kwa nini tunasema hivyo, hilo ndilo tulilokuja kulieleza, na tunaomba subira yenu, maana mengi yamesemwa juu ya somo hili na watu ambao hawajapata kulifungua.

Somo lenyewe huanza na jambo lisilo na ugomvi wowote, nalo ni kuvipa viumbe majina na kuvipanga. Msweden mmoja, Carl Linnaeus, katika toleo la 10 la kitabu chake lililochapishwa mwaka 1758, aliwapa wanyama wote aliowajua majina ya maneno mawili ya Kilatini, na utaratibu huo unatumika hadi leo. Simba aitwe simba, lion au asad, mwanasayansi wa Dodoma na wa Tokyo wote wataandika Panthera leo na wataelewana. Hadi sasa viumbe waliokwisha kupewa majina wanakaribia milioni 2. Na mwaka 2011 watafiti walikadiria kwamba walioko duniani, ukiacha bakteria na jamii zake, ni takriban spishi milioni 8.7. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya viumbe tunaoishi nao hawajaandikwa popote. Msidhani walobaki ni wadudu tu wa misitu ya mbali. Mwaka 2005 ulimwengu wa sayansi ulitangaziwa aina mpya ya tumbili, kipunji, anayeishi katika misitu ya Rungwe na Udzungwa nchini Tanzania. Wenyeji wa Rungwe walikuwa wakimjua na kumtaja kwa jina hilo. Wasomi ndio waliokuwa hawamjui.

Huko ni kuhesabu na kupanga. Swali la pili la somo ndilo linaloleta maneno: kwa nini viumbe ni wengi namna hii, na kwa nini wanafanana kwa makundi? Hapa tungependa tuwapeleke Ziwa Victoria, kwa sababu mfano ulioko humo unafundishwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na ni aibu kama mtoto wa Mwanza, Musoma au Kisumu atakwenda kuujulia huko.

Wavuvi wa ziwa lile wanawajua samaki wadogo wanaoitwa furu, na upande wa Kenya fulu. Machoni pa mnunuzi wa sokoni furu ni furu tu. Lakini wataalamu waliowachunguza walihesabu takriban spishi 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wako walao konokono, wenye mataya mazito ya kuvunja magamba. Wako wakwanguao mwani juu ya mawe. Wako walao samaki wenzao, na hata wanaonyang'anya mayai na vifaranga vilivyomo kinywani mwa majike. Ajabu iko katika umri wa ziwa lenyewe. Udongo uliochimbwa chini yake unaonyesha kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikauka. Kwa hiyo wingi huu wote, au sehemu yake kubwa, umetokea katika muda ambao kwa wanajiolojia ni kama kufumba na kufumbua. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa eneo hili wana asili katika jamii mbili za samaki, moja yenye uhusiano na samaki wa upande wa Kongo na nyingine na wa upande wa Nile, zilizokutana zamani na kuzaana. Mchanganyiko huo uliwapa wazao wao hazina kubwa ya tofauti, na ziwa lilipojaa tena tofauti hizo zilipata nafasi ya kujitenga.

Zilijitengaje? Wako furu wawili wa kwenye miamba ambao ni ndugu wa karibu sana. Mmoja anaitwa kwa Kilatini cha wataalamu Pundamilia pundamilia, kwa ajili ya mistari yake. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Madume wa wa kwanza ni wa rangi ya samawati na hukaa karibu na uso wa maji. Madume wa wa pili wana wekundu na njano, na hukaa chini zaidi. Sasa, kadiri unavyoteremka katika maji ya ziwa lile, mwanga wa samawati hupotea na mwanga mwekundu ndio unaobaki. Na imeonekana kwamba macho ya samaki hawa wawili hutofautiana hata katika jeni zake, kila mmoja akiona vizuri zaidi rangi ya mahali anapoishi. Jike humchagua dume anayeonekana vema machoni pake. Kwa hiyo mwekundu huolewa na wa upande wake, na wa samawati vivyo hivyo, hata wakawa kaumu mbili katika mwamba mmoja. Watafiti waliwaweka majike katika matangi na kuwasha taa ambayo chini yake rangi hizo mbili hazitofautishiki. Uchaguzi wao ukavurugika. Na ndivyo ilivyo ziwani. Katika visiwa vyenye maji maangavu, kama Makobe, samaki hawa wanatofautika vizuri. Katika sehemu za Ghuba ya Mwanza ambako maji yamechafuka kwa udongo na uchafu utokao nchi kavu, wamechanganyika na mpaka kati yao umefutika.

Tazameni basi, ndugu zetu. Mtu akilima hadi kingo za mto na kuachia udongo uteremke ziwani, anafuta kazi ya maelfu ya miaka bila kuua samaki hata mmoja. Jambo hilo utalijuaje kama hukusoma namna spishi zinavyotokea?

Kuna pigo jingine ambalo wengi mnalijua. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara aliletwa katika Ziwa Victoria. Kwa miaka kadhaa hakuonekana kuwa tishio. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na furu wakatoweka machoni pa wavuvi. Wataalamu hukadiria kwamba spishi kama 200 zilipotea. Sangara ameleta viwanda na fedha za kigeni, hatulikatai hilo, na wapo wanaotusikiliza hapa ambao wamesomeshwa kwa fedha hizo hizo. Lakini waliomleta hawakuwa wamehesabu yaliyomo ziwani kabla ya kuongeza kilichokuwa hakimo.

Tuje kwenye kanuni yenyewe. Mnamo Julai 1858, katika mkutano wa wanasayansi London, yalisomwa maandishi ya Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, waliofikia wazo moja kila mmoja kwa njia yake. Na mwaka 1859 Darwin akatoa kitabu chake juu ya asili ya spishi. Wazo lenyewe si gumu. Viumbe wa aina moja hawafanani sawasawa. Tofauti nyingine hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa. Basi wenye tofauti inayowafaa mahali walipo huacha wazao wengi zaidi, na tofauti hiyo huenea. Wataalamu huliita jambo hili uteuzi wa asili.

Anayetaka ushahidi asiende mbali, akumbuke klorokwini. Wengi wetu hapa tulimezeshwa, na hatujasahau ule uchungu wake wala kule kuwashwa mwili usiku kucha. Ilitibu malaria kwa miaka mingi, kisha ikaanza kushindwa, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza na kushika SP. Nayo SP haikudumu, na mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto. Mitaani watu walisema kwamba wadudu wamezoea dawa. Si kuzoea. Kijidudu kimoja kimoja hakikujifunza chochote. Miongoni mwa mamilioni walikuwamo wachache ambao jeni zao zilikuwa na badiliko lililowawezesha kuitoa klorokwini nje ya tumbo lao. Dawa iliwaua wenzao, wao wakabaki na kuzaana. Na sikilizeni yaliyotokea Malawi, iliyoacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993. Dawa ilipoondoka, vile vijidudu sugu havikuwa tena na faida juu ya wenzao, vikapungua mwaka hadi mwaka, na katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 klorokwini iliwaponya karibu watoto wote waliopewa. Anayesema kwamba uteuzi wa asili ni hadithi za Wazungu, tunamwomba atueleze Malawi.

Habari hii haijaisha. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba huko Rwanda wameonekana vijidudu vyenye badiliko linalopunguza nguvu ya sehemu ya artemisinini iliyomo katika dawa ya mseto, na baadaye vimeonekana Uganda na katika mkoa wa Kagera. Mgonjwa anayemeza vidonge siku moja, akipata nafuu akaweka vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine, anavichagulia vijidudu hivyo nani abaki.

Sasa tunafika mahali ambapo somo hili linaingia ndani ya nyumba zetu, nalo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikuwa akipima damu za watu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Aliona kwamba wabebaji wa jeni ya selimundu ni wengi mno Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na katika baadhi ya jamii wakizidi watu 20 katika kila 100, hali nyanda za juu zenye baridi ni nadra kuwaona. Alijiuliza: jeni inayoua watoto imebakije kwa wingi hivi? Ingepaswa kwisha pamoja na wale inaowaua. Mwaka 1954 alitoa jibu. Pale penye jeni nyingi ndipo penye malaria nyingi. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa, naye hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huvunjika baada ya siku chache mahali pa siku 120, na huziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu ya viungo na ile macho kuwa ya njano. Malaria ndiyo iliyoitunza jeni hii kwetu. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa wazi wa uteuzi wa asili kwa binadamu, na ulipatikana hapa Afrika Mashariki, katika damu ya watu wetu.

Ni wangapi kati yetu wanalijua hili? Mama huzaa mtoto mwenye selimundu, naye hulaumiwa na mawifi kwamba ana mkosi au amerogwa, hata ikafika talaka, ilhali mtoto hawezi kuupata ugonjwa huo pasipo jeni ya baba. Wengine wameambiwa kwamba wabebaji wawili wakioana mtoto mmoja katika wanne atakuwa mgonjwa, wakafahamu kwamba akishapatikana huyo mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ina hesabu yake yenyewe, na kila mara hesabu ni ile ile, moja kwa nne. Na penye mila ya kuozana mabinamu, jeni iliyo katika ukoo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwenzake. Hatusemi kwamba ndoa hiyo imekatazwa. Tunasema kuna kipimo cha damu, na wakati wa kukifanya ni kabla ya posa kupokelewa, si baada ya mtoto wa pili kuzikwa. Saudi Arabia iliyafanya majibu ya kipimo hiki kuwa sharti la kuandikisha ndoa tangu mwaka 2004, na uamuzi wa kuoana hubaki kwa wachumba wenyewe. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Maimamu wanaofungisha ndoa wanaweza kuuliza.

Tunajua kwamba wapo mliokaa mkingoja tufike kwa binadamu, nasi hatutaki kuonekana tumekwepa. Biolojia haisemi kwamba mtu ametokana na kima punju wa Jozani wala nyani wa Mikumi. Inasema kwamba mtu na sokwe mtu wana wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba kabla ya watu wa umbo letu walikuwapo wengine wenye maumbo tofauti. Ushahidi wake ni mwingi, na mwingine umo Tanzania: fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978, ambazo zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6 na ni za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Umo pia ushahidi wa jeni, ambao ni mzito kuliko mifupa. Kijana atafundishwa hayo, nasi hatutamwambia kwamba ni uongo uliotungwa ili kumpoteza.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakukaa kimya juu ya jambo hili, wala hawakusema neno moja. Wapo wanaokataa kabisa. Wapo wanaokubali mageuko kwa viumbe wote isipokuwa Adamu, amani iwe juu yake. Wapo wanaosema kwamba Mwenyezi Mungu huumba kwa njia aitakayo, na kama njia hiyo ni ya hatua kwa hatua, nani wa kumwekea mipaka? Sheikh Husein al-Jisr wa Tripoli, nchini Lebanon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1888, hakuiona nadharia hii kuwa imethibiti wakati ule. Lakini alisema kwamba ikithibiti kwa hoja za yakini, maandiko yanaweza kufasiriwa kwa namna isiyopingana nayo. Tunaipenda tabia hiyo. Alikuwa mwanazuoni anayesubiri ushahidi bila hofu. Kinyume chake ni wale wanaotuuzia maneno mepesi. Mnamo miaka ya 2006 na 2007 lilisambazwa duniani kutoka Uturuki buku kubwa la picha za kupendeza, lenye nia ya kuonyesha kwamba viumbe wa leo hawajabadilika tangu zama za kale. Baadhi ya wadudu waliopigwa picha humo, wakielezwa kuwa ni wadudu hai, walikuwa ni chambo cha kuvulia samaki, na ndoana ya chuma ikionekana wazi! Mvuvi yeyote wa Tanga angeliwaambia. Wala tusiende upande wa pili, tukadai kwamba al-Jahiz wa Basra, aliyeandika juu ya wanyama katika karne ya 9, alikwisha kuyasema yote ya Darwin. Al-Jahiz alikuwa mtazamaji hodari wa wanyama na namna wanavyowindana, na sifa hiyo inamtosha.

Neno nadharia nalo limewaponza wengi. Katika mazungumzo yetu nadharia ni jambo ambalo halijathibiti. Husemwa kwamba fulani ana nadharia tu, vitendo hana. Kwa mwanasayansi nadharia ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi na yanayobeba ushahidi mwingi kwa pamoja. Kwamba magonjwa huletwa na vijidudu, hiyo nayo ni nadharia, na hakuna anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Vijana wetu, mkifika chuoni someni kitabu chenyewe kabla ya kusoma wanaokipinga. Muulizeni mwalimu wenu ni nini kilichopimwa na ni nini anachokisema kwa maoni yake. Mwalimu akitoka katika furu na jeni akaanza kuwaambia kwamba hakuna Mungu, jueni kwamba hapo ametoka nje ya somo lake, kwani darubini haipimi hilo. Na mnaweza kumwambia kwa adabu. Katika mtihani elezeni mlichofundishwa kwa ukamilifu na usahihi. Mkipatwa na swali linalowakosesha usingizi, lileteni hapa. Kijana anayeambiwa achague ama kitabu chake ama msikiti wake, mara nyingine huchagua jambo ambalo aliyemwambia hakulitarajia.

Na kazi ipo. Tangu uvuvi wa sangara uliposhamiri miaka ya 1990 na sangara wakubwa wakapungua, baadhi ya furu waliodhaniwa wamekwisha wameanza kuonekana tena, wengine wakiwa na maumbo na vyakula tofauti kidogo na vya zamani. Wengi wa furu hao hawana jina la kitaalamu mpaka leo. Katika madaftari ya watafiti wanatajwa kwa majina ya muda tu, wakimngoja mtu wa kukaa nao, kuwapima, kuwachora na kuwaandika.

Tunapokea maswali sasa, na tuanze upande wa kina mama, maana safari iliyopita muda uliwaishia.